Naombwa nigombee uenyekiti wa kijiji, mchungaji anasema nitajichafua

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa viazi hapa Rungwe, ni mzee wa kanisa na mhazini wa kikoba chetu cha akina mama. Mwenyekiti wetu wa kijiji amefariki na kutakuwa na uchaguzi wa kujaza nafasi yake. Watu wananiomba nigombee. Mchungaji wangu anasema siasa ni mchezo mchafu, mtu aliyeokoka asijichafue. Mume wangu hajakataa, ila ananyamaza. Halafu kuna jambo linaniuma: tumechangishwa mara mbili kwa ajili ya zahanati, stakabadhi hatukupewa, na anayeuliza mkutanoni anasomewa Warumi 13 kwamba mamlaka imetoka kwa Mungu. Biblia inasema nini hasa kuhusu serikali na kiongozi anayemcha Mungu? Nigombee au niache? Na nikishinda, kikoba nibaki nacho?

JIBU: Marahaba, mama, na kamwene. Nakuandikia kutoka Iringa, nilikostaafia baada ya miaka mingi ya kufundisha Agano la Kale, kwa hiyo utanivumilia nikirudi kila mara kwa Musa na Samweli. Swali lako la kikoba nitaliweka mwisho, ingawa kwangu ndilo zuri kuliko yote uliyouliza.

Nianze na Warumi 13, maana naona huko kwenu imegeuzwa kufuli la midomo.

Paulo aliandika barua ile karibu mwaka 57, Nero akiwa Kaisari kijana aliyetawala tangu mwaka 54. Sura inaanza hivi: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Wanaokusomea huishia hapo, wakafunga kitabu, wakaendelea na ajenda. Lakini mstari wa 4 unamweleza mwenye mamlaka kuwa "ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema". Neno la Kiyunani alilotumia Paulo hapo ni diakonos, neno lilelile linalotumika katika Agano Jipya kwa shemasi wa kanisa. Sasa fikiria shemasi wenu wa Jumapili. Akishapitisha kapu la sadaka, anaondoka nalo nyumbani akahesabu peke yake jikoni? Hesabu inafanyika mbele ya wenzake, inaandikwa, inasomwa. Hakuna anayesema kwamba kumhesabia shemasi ni kumwasi Mungu. Basi mtendaji wenu naye, kwa maneno ya Paulo mwenyewe, ni shemasi wa aina yake, na kapu la zahanati linahesabika vilevile.

Tena mwangalie Paulo alivyoishi alichokiandika. Kule Filipi, Matendo 16, yeye na Sila walichapwa viboko hadharani bila kuhukumiwa, wakatupwa gerezani. Kesho yake makadhi wakatuma ujumbe kwamba waachiliwe waende zao kimyakimya. Paulo akagoma. Alisema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa mbele ya watu bila hukumu, basi waliowafunga waje wenyewe wawatoe. Wakaja, wakawasihi. Hakutukana mtu, hakurusha jiwe, hakukimbia hata mlango ulipofunguka usiku. Alitaka tu utaratibu wa Kirumi ufuatwe na Warumi wenyewe. Mtu huyu ndiye aliyeandika Warumi 13, na sioni jinsi ya kuisoma sura hiyo kana kwamba aliyeiandika alikuwa bubu mbele ya wakubwa.

Petro naye, ambaye katika barua yake ya kwanza anatuagiza tutii kila "kiamriwacho na watu", ndiye aliyesimama mbele ya baraza la Yerusalemu akasema, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Utii na kuhoji vilikaa kifuani mwa mtu mmoja bila kugombana.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani litakusaidia mkutanoni kuliko Kiyunani changu. Paulo anasema "mamlaka iliyo kuu". Kijijini kwenu mamlaka iliyo kuu ni nani? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inajibu: katika kupanga mambo ya kijiji, mamlaka ya juu kabisa ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani ninyi wakazi wote mliofikisha miaka 18, mkiwa mmekaa pale chini ya mti au kwenye darasa la shule. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Kwa hiyo mtendaji anayekataa kuusomea mkutano mkuu mapato na matumizi, akajificha nyuma ya Warumi 13, yeye ndiye asiyeitii mamlaka iliyo kuu. Ungeweza kumwambia hivyo kwa adabu, na ukae.

Stakabadhi, basi, uliza. Yohana Mbatizaji alipofuatwa na watoza ushuru wakiuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Kuna aliyeamriwa kiasi fulani na kuna anayetoza, kati ya hao wawili ndipo stakabadhi inapokaa.

Sasa mchungaji wako. Namheshimu, na siasa za kwetu zina matope kweli, hilo tusidanganyane. Lakini nataka usome naye Waamuzi 9.

Gideoni amekufa. Mwanawe Abimeleki, aliyezaliwa na suria wa Shekemu, anataka utawala. Anawaendea wajomba zake, wajomba wanampigia debe mjini: huyu ni ndugu yetu. Wanampa vipande 70 vya fedha kutoka hekalu la Baal-berithi. Kwa fedha hiyo anakodi wahuni, anakwenda nyumbani kwa baba yake na kuwaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Ndugu walikuwa 70. Piga hesabu mwenyewe: kipande kimoja cha fedha kwa kichwa kimoja. Aliyepona ni Yothamu, mdogo wao, aliyejificha. Huyo akapanda mlima Gerizimu, akawapigia watu wa Shekemu kelele kutoka juu, akawasimulia hadithi ya miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ukakataa: niache mafuta yangu, nikayumbeyumbe juu ya miti? Mtini ukakataa: niache utamu wangu? Mzabibu ukakataa: niache divai yangu? Mwishowe wakauendea mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, ukawaambia waje wapumzike kivulini mwake, na wasipotaka, moto utoke kwake uiteketeze hata mierezi ya Lebanoni.

Mti wa miiba kuwa na kivuli! Yothamu alikuwa na kejeli kali, na nadhani wenyeji wa Shekemu walicheka kabla ya kuelewa.

Wahubiri wengi huitumia hadithi hii kuwachapa watu wema waliokataa uongozi. Nimeihubiri hivyo mwenyewe ujanani, na ilipendwa. Lakini soma mistari ya 16 hadi 20, pale Yothamu anapoifungua hadithi yake. Mzeituni haulaumu. Mtini haulaumu. Anawalaumu watu wa Shekemu waliomvika taji muuaji. Kwa hiyo siwezi kukuambia, mama, kwamba ukikataa kugombea umefanya dhambi. Huenda viazi vyako, uzee wako wa kanisa na lile sanduku la kikoba ndiyo mafuta yako, na Mungu anaheshimiwa kwayo. Mzeituni unaruhusiwa kubaki mzeituni.

Ila mchungaji naye asiitumie kukwepa. Uchafu wa Shekemu ulianzia wapi? Ulianzia kwenye nyumba ya ibada. Fedha iliyokodi wahuni ilitoka hekaluni. Wenye hekalu hawakugombea cheo chochote. Walikaa nje ya siasa, wakatoa pesa tu. Nimeona makanisa yetu ya nyanda za juu, ya kila dhehebu, yakimkaribisha mgombea madhabahuni msimu wa uchaguzi, akaacha bahasha ya mabati, akapewa maikrofoni. Halafu Jumapili inayofuata mahubiri ni kwamba muumini asijihusishe na siasa. Pesa zake zimeshajihusisha. Nchi hii iliwahi kuwa na kitu kilichoitwa takrima, zawadi za mgombea kwa wapiga kura zilizopakwa rangi ya ukarimu, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Sheria ilibadilika; bahasha zikajifunza kupita mlango wa nyuma.

Abimeleki alitawala miaka mitatu. Aliangushwa na mwanamke ambaye Biblia haikumtaja jina, aliyemdondoshea jiwe la kusagia kichwani kutoka juu ya mnara wa Thebesi. Sikuambii ubebe jiwe.

Hapo nijibu haraka lile ambalo hukuliuliza ila najua utaulizwa, kwamba mwanamke atasimamiaje kijiji. Waamuzi 4: Debora alikaa chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, katika nchi ya vilima ya Efraimu, na wana wa Israeli walimwendea awahukumu. Walimwendea wao. Sioni haja ya kuongeza.

Turudi kwenye kiini cha swali lako: kiongozi anayemcha Mungu ni yupi?

Ushauri wa wazi zaidi katika Biblia nzima kuhusu jambo hili haukutolewa na Mwisraeli. Ulitolewa na Yethro, kuhani wa Midiani, mkwewe Musa, alipomwona mkwe wake anahukumu watu tangu asubuhi hata jioni, foleni haiishi. Kutoka 18:21: tafuta watu wenye uwezo, wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, "wenye kuchukia mapato ya udhalimu", uwaweke wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Musa akakubali. Kwa hiyo kwanza, hekima ya kuongoza si mali ya waliookoka peke yao. Jirani yako Mwislamu anayejua kupanga zamu za maji anaweza kukufundisha. Pili, angalia uwezo umetangulia. Mtu anaweza kusali vizuri mpaka machozi yakatoka na asijue kuendesha kikao. Na Musa mwenyewe anaposimulia tena jambo hilo katika Kumbukumbu la Torati 1:13, anasema aliwaambia watu wajitwalie viongozi wenye akili, wanaojulikana katika kabila zao. Wanaojulikana! Kijijini tunajuana. Tunajua nani alihama mpaka wa shamba usiku na nani alirudisha mbuzi aliyepotea.

Wanyakyusa wa zamani mlilijua hili kwa njia yenu. Chifu alikuwa na ukoo wake, lakini amafumu, wakuu wa vijiji, walitoka kwa watu wa kawaida wasio wa ukoo wa chifu, na chifu alipaswa kuiogopa sauti yao. Kumbukumbu la Torati 17 inafanana nalo kwa mbali. Mfalme asijiongezee farasi, asijiongezee wake, asijilimbikizie fedha na dhahabu, na akikaa kitini ajiandikie nakala ya torati, aisome siku zote za maisha yake, moyo wake usije ukainuka juu ya ndugu zake. Mataifa ya jirani, mfalme ndiye aliyekuwa sheria. Kwa Israeli aliketi chini ya kitabu na kukinakili kwa mkono wake kama mtoto wa shule. Ukishinda, omba halmashauri ya wilaya sheria na kanuni za kijiji, uzisome mpaka kurasa zikunjike. Wenyeviti wengi hawajawahi kuziona. Wanategemea anachowaambia mtendaji.

Hapo kwenye "kuchukia mapato ya udhalimu" ndipo ningependa tukae zaidi. Yethro hakusema wenye kukataa. Alisema wenye kuchukia. Anayekataa leo anaweza kukubali kesho bei ikipanda, au mtoto akikosa ada. Anayechukia, kinyaa humshika mapema, hata kabla hajajua ni kiasi gani.

Wewe ni mkulima wa viazi, nitatumia gunia. Unajua lumbesa kuliko mimi: gunia linajazwa mpaka mdomo, halafu linawekewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba, wapakiaji wawili wanalinyanyua kwa shida, na wewe unalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo imekataza mzigo wa mazao unaozidi kilo 100, lakini lumbesa inapita mchana kweupe, na vijijini wapo viongozi wanaopewa chao ili wasione. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA," inasema Mithali 11:1. Amosi katika sura ya 8 anawataja wafanyabiashara wa Samaria waliokuwa wakingoja sabato iishe ili wauze ngano, wakipunguza kipimo na kuongeza bei. Sisi kwetu lumbesa imegeuza: kipimo kinaongezwa kwa sababu mkulima ndiye anayeuza. Dhambi ni ileile, imevuka tu upande wa pili wa mizani.

Sasa hili ni jambo la serikali kwa maana kamili ya Biblia. Siyo maombi ya kufunga mkutano. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu ukaikubali na halmashauri ya wilaya ikaipitisha, kwamba viazi vyote vya kijiji vitoke kwa mizani, kwa kilo. Mizani ikawekwa penye barabara. Wanunuzi watanung'unika, wengine watatishia kwenda kijiji cha jirani, na msimu wa kwanza mtaumia kweli. Ndiyo maana ni vizuri vijiji viwili vitatu vya jirani vikubaliane pamoja. Ukiuliza utumishi wa Mungu "kwa ajili ya mema" unafananaje, mimi naona sura ya mizani ile.

Mbolea ya ruzuku nayo iko hapohapo. Tangu msimu wa 2022/23 wakulima wanaandikishwa kupitia vijiji, na daftari lile ni jaribu: shemeji aandikwe ekari ambazo hana, marehemu aendelee kuchukua mifuko. Utajua kama unachukia au unakataa tu siku shemeji atakapokuja.

Nehemia ni wa kusoma usiku mmoja mzima, hasa sura ya 5. Alikuwa liwali wa Yuda miaka 12. Maliwali waliomtangulia walichukua kwa watu chakula na divai na shekeli 40 za fedha juu yake, na hata watumishi wao waliwatawala watu. Yeye hakula posho ile, "kwa sababu ya kumcha Mungu". Na hakuwa mtu wa kula peke yake. Mezani pake waliketi watu 150. Lakini sura hiyohiyo ina jambo ambalo wahubiri huliruka. Watu walimlalamikia kwamba wameweka rehani mashamba na mizabibu wapate nafaka wakati wa njaa, na watoto wao wanakuwa watumwa. Nehemia akawaka, akaitisha kusanyiko kubwa, akawakemea wakuu. Halafu akasema: hata mimi, na ndugu zangu, na watumishi wangu, tunawakopesha, tuache. Alijitaja. Mbele ya mkutano. Katika miaka yangu yote sijaona ishara nyingine ya uongozi wa kumcha Mungu inayonishawishi kuliko hiyo.

Tafadhali usije ukadhani nazungumza kama mtu aliyetoka safi. Nikiwa mwalimu kijana niliwekwa kwenye kamati ya ujenzi ya usharika mmoja, jina na mahali nayaacha. Tulipanua kiwanja. Katibu alileta muhtasari wa kikao, umepigwa chapa vizuri, mahudhurio, ajenda, yatokanayo, yote sawa. Nikasaini bila kusoma, kwa kuwa nilikuwa na kipindi cha saa nane. Ndani ya muhtasari ule kipande cha shamba la mjane mmoja kilikuwa kimeingia katika mpaka wa kanisa "kwa ridhaa yake". Ridhaa hakuitoa. Alirudishiwa shamba baadaye, lakini mahindi ya misimu miwili hakuyaona, na mimi kila nikikutana naye sokoni nilikuwa nabadilisha njia.

Ndiyo sababu 1 Wafalme 21 nikiisoma natetemeka kidogo. Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi. Anatoa bei, tena nzuri: shamba bora zaidi au fedha. Nabothi anakataa kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Mfalme anarudi kitandani kununa kama mtoto. Kufika hapo, kumbuka, hata mfalme mbaya kama Ahabu alijua hana uwezo wa kunyang'anya. Ndipo Yezebeli anaingia, na tazama alivyofanya: barua zenye muhuri wa mfalme, mfungo ukatangazwa, mkutano ukaitishwa, Nabothi akaketishwa mbele ya watu, mashahidi wakaletwa wawili kama torati inavyodai, na wazee wa mji wakatekeleza. Utaratibu wote ulifuatwa. Aliyechunguza makaratasi ya Yezreeli asingekuta kosa. Na wazee wale walikuwa majirani wa Nabothi. Pengine walikuwa wazee wa ibada kama wewe na mimi.

Siku moja, ukiwa mwenyekiti, mtu atakuletea muhtasari uliokwisha kuandikwa. Atakuja jioni, au utakuwa unawahi msibani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Jina lako litakuwa la mwisho kabla ya muhuri. Soma, na mwenye haraka angoje.

Sisi wa Iringa tukifika kwenye habari ya mtawala na shamba la mtu huwa tunapunguza sauti. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, kule Isimani, Mkuu wa Mkoa Dkt. Wilbert Klerruu alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, wakati wa kusukuma vijiji vya ujamaa. Mwamwindi akahukumiwa kunyongwa. Jina la mkuu wa mkoa lipo leo kwenye chuo cha ualimu mjini Iringa, na watoto wa pande zote mbili walikua bila baba. Nimewahi kuulizwa darasani kama Mwamwindi alikuwa Nabothi wetu. Nilijibu hapana, na bado najibu hapana: Nabothi hakuua mtu. Kesi yake ilibebwa na nabii, Eliya, aliyemfuata mfalme hadi ndani ya shamba lenyewe na kumwambia usoni, umeua na pia umetamalaki? Lakini nililazimika pia kuwauliza wanafunzi wangu: Eliya wa Isimani alikuwa wapi mwaka ule, kabla ya bunduki? Kanisa lilikuwapo. Hakuna aliyenijibu, na sikuwa na jibu la kuwapa.

Kuna jambo la chama. Kwa utaratibu wetu huwezi kugombea bila kudhaminiwa na chama cha siasa, na najua hapo ndipo wengi wa kanisani wanapokwama. Soma 1 Wafalme 18. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, serikali mbaya kupita kiasi, na Biblia inamtaja kuwa alimcha BWANA sana. Akiwa ndani humo aliwaficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, akawalisha. Hakuhamia pangoni yeye. Kadi ya chama si kipaimara. Inakupa nafasi kwenye karatasi ya kura na wajibu fulani, haikupi dhamiri mpya. Ila kama kwenye kura za maoni utaambiwa utoe kitu kwa wajumbe, basi toka hapohapo, usisubiri kufika mbele. Aliyenunua mlango atataka kurudisha pesa yake kwa madirisha. Na uliza katiba ya kanisa lenu inasemaje kuhusu mzee wa kanisa anayegombea. Baadhi ya makanisa yatakutaka upumzike uzee kwanza. Ukiambiwa pumzika, pumzika bila kinyongo.

Kwa hiyo nigombee au niache? Ningekuwa mimi, ningeanza na mume wako. Ukimya wa mwanaume wa nyanda za juu una maana nyingi; wakati mwingine ni hofu ya jinsi watakavyokutukana kampeni ikianza, wakati mwingine anangoja tu aulizwe. Muulize wawili mkiwa shambani, siyo mbele ya wageni. Kisha waite wale wanaokuomba, uwaulize jambo moja: nikiwa mwenyekiti na nikawakatalia ninyi, mtabaki upande wangu? Waangalie nyuso. Kama unaona wanataka mtu "wetu", kama wajomba wa Abimeleki, rudi kwenye viazi vyako kwa amani. Kama unaona wanataka stakabadhi na mizani, hata zikiwauma wao, mimi ningechukua fomu.

Sasa kikoba.

Usibaki nacho. Hata siku moja. Na usingoje ushinde. Kikabidhi kabla ya kuchukua fomu. Samweli alipokuwa anaachia uongozi alisimama mbele ya Israeli wote, mzee mwenye mvi, akawaambia wamshuhudie: "nimetwaa ng'ombe wa nani? au nimetwaa punda wa nani?" Wakajibu hakutwaa kitu. Lakini kumbuka Samweli huyohuyo, sura nne nyuma, aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakapokea rushwa huko Beer-sheba, na kwa sababu yao watu wakadai mfalme. Msafi alikuwa yeye. Wanawe walikuwa na majina yake na mikono yao wenyewe. Kwa hiyo binti yako asirithi uhazini, hata kama ndiye anayejua hesabu kuliko wote.

Itisha wanachama siku ya kikao chenu cha kawaida. Wenye funguo zote tatu wawepo. Fungueni sanduku, mhesabu hisa, mikopo iliyo nje na mfuko wa jamii, kitabu kwa kitabu, mbele ya kila mwanamke, yule anayekusifu na yule anayekusema. Zikipungua hata shilingi elfu mbili, lipa kutoka mfukoni mwako hapohapo na isomwe. Halafu muache kundi lichague mhazini mwingine, nawe usipendekeze jina.